Ada ya boya imepanda karibu maradufu: nizamishe jiwe langu mwenyewe?

Assalaam alaikum, mshauri.

Nina mashua ya mbao ya futi 30, yenye tanga moja na mashine ndogo ya dizeli. Si ya biashara. Ni ya kutembea na familia siku za mapumziko, kwenda vijisiwa vilivyo mbele ya Mji Mkongwe na kurudi. Imefungwa kwenye boya la kukodi upande wa mjini, chini pana mchanga uliochanganyika na tope, na maji yakitoka kwa bamvu, yaani siku maji yanapojaa na kutoka kupita kawaida, hubaki kina cha mita 3.

Mpaka mwaka jana nikilipa shilingi 15,000 kwa mita kwa mwezi. Mashua ina mita 9, kwa hiyo ilikuwa 135,000. Sasa nimeletewa barua kwamba bei ni 24,000 kwa mita, na urefu umeandikwa mita 10.4. Wamehesabu dasturi, ule mti unaotoka mbele, sentimita 80, na kihori, mtumbwi mdogo ninaouning'iniza tezi, yaani nyuma, sentimita 60. Inakuwa 249,600 kwa mwezi, yaani 2,995,200 kwa mwaka. Zamani mwaka mzima ulikuwa 1,620,000. Na kuanzia Aprili hadi mwisho wa Agosti mashua haitoki kabisa, kwanza mvua za masika, kisha upepo wa kusi.

Mvuvi jirani ananishauri niache kukodi, nizamishe jiwe langu la kufungia boya. Ana injini ya lori iliyokufa, anasema ina kilo 300, na mnyororo wa mtumba wa mita 12. Mwengine anasema niihamishie Fumba, kusini mwa kisiwa. Wa tatu anasema niuze tu. Nishike lipi?

Mwenye mashua, Unguja

JIBU

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Usiuze, na ile injini iache pale ilipo. Kwanza tuitazame barua uliyoletewa, maana ndani yake mna nyongeza mbili zilizovaa kanzu moja: bei imepanda, na mashua yako imerefuka. Bei mpya kwa mita 9 ni 216,000. Tofauti kati ya hiyo na 249,600 ni shilingi 33,600 kila mwezi, au 403,200 kwa mwaka, kwa ajili ya mti mmoja na kihori.

Bei ya mita huenda usiweze kuigusa. Kipimo unaweza. Mwenye boya hutoza kwa urefu kwa sababu chombo hakikodi maji kilichoyakalia, kinakodi duara kinalozungukia upepo na mkondo vinapogeuka. Chukua mnyororo na kamba za mita 22 kutoka kwenye jiwe hadi omo, yaani mbele ya mashua. Maji yakiwa yametoka, omo inaweza kwenda karibu mita 21 na nusu kutoka juu ya jiwe, ongeza mita 9 za mwili wa mashua, na tezi inapita mita 30 na kitu. Ndani ya duara hilo hakukai chombo kingine kwa amani. Sasa itazame dasturi: mashua imefungwa omo, kwa hiyo dasturi inaelekea kwenye boya, inaelekea ndani. Hailiongezei duara hata shubiri moja. Kihori cha tezi ndicho kinachoelekea nje, na hicho dawa yake ni kukishusha na kukiacha pwani au kukipakia juu ya mashua.

Kwa hiyo andika barua, usiende kubishana kwa mdomo. Ambatisha nakala ya cheti cha usajili kinachoonyesha urefu wa chombo, na omba wakuandikie urefu wao unapimwa kutoka wapi hadi wapi. Kama dasturi yako inaweza kurudishwa ndani kwa kulegeza kamba, sema hivyo na uirudishe siku mpimaji anapokuja. Katika barua hiyo hiyo uliza mambo mengine: mnyororo una unene gani, mara ya mwisho mpiga mbizi ameushukia kuukagua lini, mlinzi wa usiku yumo kwenye ada au la, kodi ya ongezeko la thamani imo au itakuja juu yake, na ukiondoka miezi 5 nafasi yako wanakushikia kwa kiasi gani. Swali la mwisho ndilo lenye pesa nyingi zaidi, nitalirudia.

Tuje kwenye jiwe. Mvuvi wako hakukosea kuhusu chuma. Amekosea kuhusu uzito. Kitu kikizama hupoteza uzito sawa na wa maji kiliyoyasukuma. Chuma hupoteza kidogo: kilo 300 za injini zitabaki kama kilo 260 huko chini. Zege hupoteza mengi: tani 1 ya zege baharini ni kilo 570 hivi. Mawe ya matumbawe ndiyo mabaya kuliko yote, karibu nusu ya uzito wake huliwa na maji. Kwa chombo cha futi 30, mabaharia hukadiria mvuto wa kilo 300 hivi upepo ukiwa noti 30, yaani maili 30 za baharini kwa saa. Upepo ukizidi maradufu, mvuto unakuwa mara nne, kwa hiyo tufani la noti 60 linataka kilo 1,200. Na jiwe juu ya mchanga halishiki kwa uzito wake wote, hushika kwa karibu nusu yake kabla ya kuanza kuteleza. Kilo 260 za injini zitashika kama 130. Mashua yako itaiburura siku ya kwanza ya kusi kali. Tena ina kingo kali zinazosaga mnyororo, matundu ya bolti yanayoliwa na kutu, na mafuta mabaki yanayovuja miezi kadhaa.

Jiwe linalokufaa ni la zege, mita 1.2 kwa 1.2, kimo sentimita 60. Ni kiasi cha mita za ujazo 0.86, tani 2 na kidogo nchi kavu, karibu kilo 1,190 majini. Hilo peke yake haliwezi tufani, ndiyo maana linahitaji tope: chini yake liachwe na uvungu kama wa sahani iliyofudikizwa, likae na kuzama, tope lilishike kwa kulinyonya. Baada ya miezi michache ndani ya tope, kulitoa ni kazi nzito kuliko uzito wenyewe. Zege liwe la kipimo kizito, saruji moja, mchanga moja na nusu, kokoto tatu, na hapo utahitaji mifuko 7 ya saruji ya kilo 50. Usitumie mchanga wa pwani usiooshwa wala maji ya chumvi, chuma kilichomo ndani kitaoza na kulipasua jiwe. Pete ya kufungia mnyororo isiwe nondo iliyokunjwa. Weka chuma cha milimita 30 kilichopinda kama kiatu cha farasi, miguu yake ikapita mpaka chini ya zege na kukunjwa. Nondo ya milimita 16 husagwa na mnyororo hadi ikakatika, na ikikatika huna cha kutengeneza, unaanza jiwe jipya.

Mnyororo wa mita 12 hautoshi. Kina chako cha mita 3 ni cha maji kutoka. Kwa bamvu kubwa maji ya Unguja hupanda karibu mita 4, kwa hiyo maji yakijaa una mita 7, na kutoka usawa wa maji hadi omo ni mita 1 nyingine. Ni mita 8 za kusimama wima. Ukiwa na mita 12 mnyororo unavuta juu, jiwe linanyanyuliwa badala ya kuburutwa. Mpango wa kawaida ni huu: mita 10 za mnyororo mnene wa milimita 20 chini, ambao uzito wake, kilo 9 hivi kwa mita, ndio unaolainisha mshtuko wa mawimbi, kisha mita 8 za milimita 13 kupanda hadi kwenye boya, kisha mita 4 za kamba ya nailoni ya milimita 22 kutoka boya hadi omo. Ndizo zile mita 22 za duara. Kati ya mnyororo na boya weka kiungo kinachojizungusha, la sivyo mashua ikizunguka kila siku na mkondo, mnyororo utajisokota mpaka ufupike. Shakeli, yaani pete za kuunganishia zinazofungwa kwa pini, ziwe za chuma kilichopakwa zinki kama mnyororo, namba moja juu ya unene wake, na pini ifungwe kwa waya uliopakwa zinki. Watu hupenda kuweka shakeli za chuma kisichoshika kutu wakidhani wamefanya la maana. Zikikutana na chuma cha kawaida ndani ya maji ya chumvi, kile cha kawaida huliwa haraka, na mnyororo unakatika palepale penye shakeli ya kung'aa. Waya wa shaba una ubaya huo huo.

Hakikisha mvuto unapita kwenye chuma, usipite kwenye boya. Boya lenye chuma kilichopenya katikati juu hadi chini linafaa. Boya lenye vijisikio vya plastiki ni la kuning'iniza mnyororo tu, kamba ya mashua ifungwe kwenye mnyororo wenyewe.

Panapokatika mara nyingi ni mahali pawili. Pa kwanza ni pale mnyororo unapoinuka na kulala juu ya mchanga kila mawimbi yakipita. Huko pingili husagwa kama kwa tupa. Pima kwa kalipa: mnyororo wa 13 ukifika 10, toa. Pa pili ni kamba inapopita ukingo wa omo. Ivishe kipande cha mpira wa bomba sentimita 60, na weka kamba mbili, ya pili ndefu kidogo ili ianze kazi ya kwanza ikikatika. Mpiga mbizi ashuke kila miezi 6, na mnyororo wa juu uuhesabie maisha ya miaka 2 hivi. Hapo ndipo penye gharama ya jiwe lako mwenyewe, wala si kwenye zege.

Kulipeleka mahali pake, kama huna tishari la kukodi, hutumika mapipa. Pipa la lita 200 lililozibwa vizuri hunyanyua kilo 185 hivi. Kilo 1,190 zinataka mapipa 7, weka 8. Yafungwe kwenye jiwe maji yakiwa yametoka, maji yakijaa jiwe linaelea chini yake, linavutwa taratibu hadi mahali. Yote yashikwe na kamba moja ya kuachia. Ukikata pipa mojamoja, jiwe linapinduka na mapipa yaliyobaki yanaruka. Na mnyororo upangwe nje ya mashua inayovuta, asisimame mtu ndani ya mkunjo wake. Tani mbili zikishuka hazimngoji mtu atoe mguu.

Kabla ya yote hayo, ruhusa. Ndani ya mipaka ya bandari mwenye neno ni Shirika la Bandari Zanzibar, na usajili na ukaguzi wa chombo ni wa Mamlaka ya Usafiri Baharini. Jiwe lisilo na ruhusa ni taka baharini. Wanaweza kukuamuru ulitoe kwa gharama yako, na chombo cha mtu kikiharibika juu yake ni wewe utakayeulizwa. Kwa maoni yangu mbele ya mji usijisumbue. Nafasi ni chache, vyombo vya abiria vinapita, na hata ukipata ruhusa huenda ukalipia nafasi hiyo hiyo.

Fumba ni jambo jingine, lakini si bure kama unavyoambiwa. Ghuba ya Menai ni hifadhi tangu 1997, kwa hiyo utaanza kwa sheha, kamati ya wavuvi wa hapo, na maofisa wa uvuvi, kabla ya kutupa hata nanga ya muda mrefu. Kaa mbali kabisa na njia ya waya wa umeme wa chini ya bahari unaotoka Ras Kiromoni upande wa bara na kupanda nchi kavu Fumba. Ndio unaoiwashia Unguja taa. Sehemu kubwa ya huko hukauka maji yakitoka. Ukiifunga mashua pahala panapokauka, utatoka na kurudi kwa saa chache tu kabla na baada ya maji kujaa, na siku za maji mafu, maji yanapopanda kidogo tu, huenda isielee kabisa. Mashine ikiwashwa kwenye maji ya goti huvuta tope, basi chujio la maji ya kupoza lifunguliwe kila safari. Na jiwe sharti lifukiwe: mashua huweza kukaa juu ya jiwe lake yenyewe na kutoboka. Ongeza nauli ya kwenda na kurudi kila wiki na mlinzi wa kumlipa, kisha ulinganishe.

Sasa lile swali la miezi 5. Unalipia Aprili hadi Agosti mashua ikiwa imelala. Kwa kipimo cha mita 9, miezi 7 ya Septemba hadi Machi ni 1,512,000, pungufu ya ulichokuwa ukilipa zamani kwa mwaka mzima. Wakikutaka nusu ya ada kwa miezi 5 ya kushikiwa nafasi, ongeza 540,000, inakuwa 2,052,000. Bado umeokoa zaidi ya 900,000 ukilinganisha na barua yao, na sehemu ya hizo utazitumia kuipandisha mashua nchi kavu. Waombe pia idhini ya kumwachia mwenzako boya hilo miezi hiyo. Wengine hukubali, naye atabeba ile nusu.

Ipandishe kwa bamvu kubwa la mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili, na uishue, yaani uirudishe majini, kwa bamvu la Septemba. Hii si tarehe ya kubahatisha. Bamvu zinazozidi nyingine zote huja karibu na Machi na Septemba, usiku na mchana vinapolingana. Aliyeipandisha mashua yake juu kabisa kwa maji ya Machi akataka kuishua Juni atakuta maji hayaifikii mkuku, ule mti mkuu wa chini, akodi watu 20 na magogo. Maji makubwa zaidi huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Unguja siku hizo hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hutoka mnamo saa nne. Chagua la alfajiri, ijapokuwa ni giza na watu watanung'unika: maji yanaanza kushuka kukicha, unaweka magadi, zile nguzo za kuiegemeza ubavuni, ukiona, na saa nne umekamilisha. Likijaa tena jioni unaisogeza juu zaidi. Ukianza na la jioni, magadi utayaweka kwa tochi.

Uzito wote ukae juu ya mkuku, kwenye magogo matatu ya mnazi. Magadi ni ya kuizuia isilale upande tu, matatu kila upande, yakigusa mahali penye mataruma, yaani mbavu za mashua, ndani. Gadi likisukuma ubao mtupu kati ya mataruma, ubao unaingia ndani na mshono unafunguka. Chini ya kila gadi weka kipande cha ubao mpana. Mvua za masika huchimba mchanga, kwa hiyo baada ya kila mvua kubwa zunguka na nyundo ya mti uyakaze.

Mashua ya mbao ina maradhi mawili nchi kavu, nayo yanavutana. Maji ya mvua yakikaa ngamani, yaani chini kabisa ndani ya mashua, huozesha mbao, basi toa kizibo cha chini na weka paa la makuti juu yake, lenye nafasi ya upepo kupita. Lakini mbao zikikauka mno hujikunja na mishono kufunguka. Kwa hiyo mara mbili kwa wiki, asubuhi, imwagie maji ya bahari nje na ndani, chumvi haiozeshi. Jua la moja kwa moja la mchana ndilo linaloua kalafati, ule uzi wa pamba unaoziba mishono, kuliko miezi yenyewe.

Mashine usiiache ilivyo. Badilisha oili kabla ya kulaza, maana iliyotumika ina tindikali, pitisha maji baridi, yasiyo na chumvi, kwenye njia ya kupoza dakika 10, toa lile pangaboi la mpira la pampu ya maji lisije likaganda limejikunja, jaza tangi la dizeli hadi juu unyevu usipate nafasi, na betri ipeleke nyumbani.

Mwezi wa Agosti mwite fundi wa kalafati. Apite mishono yote kwa kidole na patasi, apitishe moto wa makuti chini kuua wadudu wanaotoboa mbao, kisha shahamu na chokaa au rangi yenye shaba, usichanganye viwili hivyo kwa msimu mmoja kwa sababu rangi haishiki juu ya mafuta. Rudisha kizibo kabla ya maji kufika. Wanaosahau ni wengi kuliko wanaokiri. Siku ya kuishua usikimbilie boyani. Itaingiza maji, hata kalafati ikiwa nzuri, mpaka mbao zivimbe. Ifunge kwenye maji ya kiuno siku moja au mbili, pampu moja ikifanya kazi na ndoo mbili pembeni, na alale mtu ndani. Maji yakipungua kufikia ndoo chache kwa usiku mmoja, ipeleke kwenye boya. Zikipita siku tatu na bado yanaingia kwa kasi ile ile, ni mshono mmoja uliorukwa. Irudishe ufukoni bamvu hilo hilo kabla halijaisha.